Mahari ya Arwen

Msomaji aliyekulia Pwani hahitaji kufundishwa kwamba jini anaweza kupenda. Tangu utotoni amesikia habari za jini mahaba: binti mzuri, mwenye adabu zake, lakini kila posa inayokuja inavunjika, mpaka shangazi na bibi wanaanza kunong'ona kwamba mwali ana mume tayari, mume asiyeonekana, mwenye wivu wa kufukuza wachumba. Hakuna anayecheka. Shehe anaitwa, kombe linaandikwa, ubani unafukizwa. Penzi na maajabu vimeshikana hapo kiasi kwamba ukivitenganisha, kisa chenyewe kinakufa.

Lakini mpe msomaji huyohuyo riwaya ya fantasia, ile yenye ramani ukurasa wa mwanzo na majoka katikati, uone. Akifika pale shujaa anapoweka upanga chini na kumtazama binti machoni, anaguna. Haya, mapenzi tena. Anafunua kurasa kumi mbele kutafuta vita. Jirani yake kwenye daladala ana kitabu kilekile, naye anafanya kinyume: anaruka mabaraza ya wafalme, majina ya mito na nasaba za koo, anatafuta busu. Wote wawili wamelipia kitabu kizima, wamesoma nusu.

Sura hii nimeiandika kwa ajili yao wote wawili. Ninachowaletea ni swali moja la kuuliza kila wanapokutana na penzi ndani ya riwaya ya maajabu: mahari ya huyu ni nini?

Katika riwaya ya maisha ya kawaida, vikwazo vya wapenzi tunavijua karibu vyote kabla hatujafungua kitabu. Baba hataki, dini si moja, fedha hakuna, mmoja kaenda masomoni Ulaya na barua zimekoma. Mwandishi wa fantasia ana uhuru mwingine. Nchi ile kaiumba mwenyewe, sheria zake kaziweka mwenyewe, kwa hiyo anaweza kudai malipo ambayo huku kwetu hayapo: maisha yasiyo na mwisho, jina la siri, moyo kutolewa kifuani. Akiwa hodari, malipo hayo yatatoka katika sheria zilezile zinazoendesha vita na uchawi wa kitabu chake. Akiwa mvivu, wapenzi watapendana tu, na majoka yatapita nyuma yao kama pazia lenye picha ya maporomoko ya maji katika studio ya mpiga picha. Kupima ni rahisi. Wachukue wapenzi wale uwahamishie Morogoro, mmoja awe mwalimu na mwingine awe na duka la dawa. Kama penzi lao limefika salama, halikupungukiwa kitu njiani, basi ulichonunua ni riwaya ya mapenzi iliyovishwa majoka. Si dhambi, na nyingine ni tamu kweli. Ila ujue ulichonunua.

Tuanze na kitabu ambacho watu wengi hudhani hakina mapenzi. The Lord of the Rings cha J.R.R. Tolkien kilitoka kwa majuzuu matatu, mwaka 1954 na 1955. Waliokijua kwanza kupitia filamu za Peter Jackson wanamkumbuka Arwen vizuri, kwa sababu filamu zilimpa farasi, upanga na machozi. Kitabuni mambo ni tofauti. Msomaji mwenye haraka anaweza kufika mwisho bila kumwona sawasawa. Arwen ameketi kwenye karamu ya baba yake, Elrond. Baadaye anatuma bendera aliyoitengeneza kwa mikono yake. Kisha vita vinakwisha, anafika mjini, anaolewa na Aragorn, na msomaji anabaki kushangaa: huyu bibi harusi katoka wapi?

Jibu liko nyuma kabisa, kwenye viambatisho, mahali ambapo wengi hawafiki kwa kudhani ni orodha za wafalme tu. Humo tunasimuliwa kwamba Aragorn alikuwa kijana wa miaka 20 alipomwona Arwen akitembea kati ya miti. Arwen alikuwa amekwisha kuishi zaidi ya miaka 2,700. Yeye ni wa watu wa Elfi, ambao uzee hauwagusi. Elrond, aliyemlea Aragorn kama mwanawe, hakumfukuza wala kumtukana. Alimwambia tu kwamba binti yake hataolewa na mtu aliye chini ya mfalme wa Gondor na Arnor. Wakati huo Gondor ilikuwa imekaa karibu miaka elfu bila mfalme, na Arnor ilikuwa magofu.

Mzee yeyote wa ukoo ataielewa lugha hiyo. Mahari imepandishwa makusudi ili muoaji aone aibu, ashukuru kwa chai na kuondoka. Aragorn hakuondoka. Ukikirudia kitabu baada ya kusoma kiambatisho hicho, yule mzururaji mwenye viatu vya matope aliyeketi pembeni ya baa ya kijiji cha Bree anakuwa mtu mwingine. Ni mwanamume ambaye kwa miongo kadhaa amekuwa akikusanya mahari, na mahari yenyewe ni falme mbili.

Upande wa Arwen malipo ni mazito zaidi. Elfi wanaweza kupanda merikebu kwenda ng'ambo ya bahari, mahali pasipo na mauti. Baba yake anakwenda. Yeye anabaki, na kubaki ni kukubali kufa. Aragorn anatawala kwa takriban miaka 120, kisha, akiwa na miaka 210, anaona saa yake imefika na anajilaza mwenyewe. Arwen anamsihi asiende bado. Hapo, baada ya karne nyingi za uhai, ndipo anapoelewa kwa mara ya kwanza wanadamu wanabeba nini. Anakwenda peke yake kwenye msitu uliohamwa na watu wake na kufa huko. (Samahani kwa kufichua mwisho, kitabu kina takriban miaka 70 sasa.) Sijui ukurasa mwingine wa Tolkien unaouma hivyo, na kauweka kwenye viambatisho, mahali pa tarehe na alfabeti.

Tolkien mwenyewe alikuwa na sababu za kujua habari za wazee wanaoweka masharti. Alikuwa yatima, mlezi wake akiwa padri Mkatoliki, Francis Morgan. Alipompenda Edith Bratt, padri alimkataza hata kumwandikia mpaka atimize miaka 21. Alitii. Siku alipotimiza umri huo, Januari 1913, aliandika barua, akajibiwa kwamba Edith amekwisha kuchumbiwa na mwingine. Akapanda treni kumfuata. Uchumba ule ulivunjika, nao wakaoana Machi 1916, miezi michache kabla ya yeye kupelekwa vitani Ufaransa. Mwaka 1917 Edith alimchezea ngoma kwenye uwazi wa msitu huko Yorkshire, na kutokana na siku ile Tolkien akamwandika Lúthien, binti wa Elfi ambaye baba yake alimdai Beren, mwanadamu, kito kimoja kutoka kwenye taji la adui mkubwa kuliko wote. Mahari tena. Edith alifariki 1971, Tolkien 1973, na kwenye kaburi lao moja huko Wolvercote, Oxford, chini ya majina yao yamechongwa majina ya Beren na Lúthien.

Mtu asidhani jambo hili ni la Wazungu. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka 1952, ni fantasia tupu, ingawa tulifundishwa kukisoma kama kitabu cha maadili, tukitafuta funzo la kujazia karatasi ya mtihani. Adili ni liwali wa Janibu chini ya Mfalme Rai wa Ughaibu. Kila usiku anawachapa manyani wawili, huku analia, kisha anawalisha. Manyani hao ni kaka zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na Huria, binti wa jini. Kiunzi cha kisa kinatoka kwenye Alfu Lela Ulela, ambamo liwali ni wa Basra na ndugu wamegeuzwa mbwa.

Sasa uliza: kosa la kugeuzwa manyani lilitendeka lini? Lilitendeka baada ya Adili kumkuta binti aitwaye Mwelekevu katika mji ambao watu wake wote wamekuwa mawe, yeye peke yake yu hai. Akampandisha chomboni. Kaka zake wakamtamani, na kwa ajili yake wakamtosa ndugu yao baharini. Penzi lenyewe limepewa nafasi ndogo kitabuni, lakini ukiliondoa hakuna kutoswa, hakuna Huria kuja kuokoa na kuadhibu, hakuna manyani, hakuna kitabu. Malalamiko yangu ni kwamba Mwelekevu tunaelezwa habari za mji wake vizuri, na habari za moyo wake kidogo sana. Mtu aliyeishi peke yake kati ya jamaa zake waliogeuka mawe, siku ya kwanza anaposikia sauti ya mwanadamu hai, anasikia nini? Shaaban Robert alikuwa na haraka ya kufika kwenye msamaha. Kizazi kilichojazana sinema kumtazama Sridevi akiwa mke na nyoka kwa pamoja katika filamu ya Kihindi ya Nagina ya 1986 kingelitaka zaidi.

Anayetaka kuona swali la mahari likijibiwa bila huruma amsome Ursula K. Le Guin, Mmarekani aliyebuni visiwa vya Earthsea. Katika The Tombs of Atuan, kitabu cha 1971, Tenar amechukuliwa kwao akiwa mtoto mdogo, akanyang'anywa jina lake na kufanywa kuhani wa nguvu za giza. Chini ya hekalu lake kuna mahandaki yenye njia za kumpoteza mtu, naye amejifunza kuyatembea bila taa, kwa kuhesabu matundu ya ukutani kwa vidole. Mchawi Ged anaingia humo kuiba nusu ya pete ya kale. Tenar anamfungia. Anakwenda kumchungulia kupitia kitundu, siku baada ya siku, akimtazama anavyoishiwa na maji. Kisha, badala ya kumwacha afe, anampelekea maji.

Kila aliyezoea riwaya hizi anajua kinachofuata, na hakifuati. Wanatoroka pamoja, Ged anamrudishia jina lake, anamwahidi kumpeleka kisiwani Gont kwa mwalimu wake mzee, basi. Busu hakuna. Wachawi wa Earthsea huishi bila wanawake, na uwezo wao umefungamana na hilo. Le Guin alikwisha kuweka sheria, na hakutaka kuivunja kwa ajili ya kumfurahisha msomaji.

Akangoja. Katika kitabu cha 1972, The Farthest Shore, Ged anamaliza uwezo wake wote kwa kuziba mlango kati ya walio hai na wafu. Halafu ikapita miaka 18 kabla ya Tehanu kutoka mwaka 1990. Tenar sasa ni mjane wa mkulima, watoto wake wamekua na kuondoka, na analea mtoto wa kike aliyetupwa motoni na watu wake mwenyewe. Ged analetwa akiwa amelala juu ya mgongo wa joka, hana kitu. Wajumbe wa mfalme wakija kumtafuta anajificha kwa aibu. Anakwenda mlimani kuchunga mbuzi. Usiku mmoja wa baridi, wanaume wabaya wanakuja kuvunja nyumba ya Tenar, na yule aliyewahi kuzuia tetemeko la ardhi kwa uchawi wake anajitokeza na uma wa kuzolea majani makavu. Hana tena neno la kusema, ana uma. Baada ya usiku ule ndipo wawili hawa wanakaribiana, kando ya moto, ujana wao ukiwa umekwisha kupita. Mchawi aliyekuwa mkuu kuliko wote visiwani anapaswa kufundishwa jambo ambalo kila mkulima wa kijiji kile analijua.

Wapo wasomaji wa zamani waliokasirika. Walimtaka shujaa wao arudi na fimbo yake. Mimi nasema hili ndilo penzi bora kuliko yote niliyosoma katika fantasia, na ubora wake unatoka kwenye hesabu. Ged asingeweza kumpata Tenar bila kupoteza kila kilichomfanya Ged. Wahamishe Morogoro uone kama watafika.

Si lazima malipo yawe ya kilio. Diana Wynne Jones, Mwingereza, alitoa Howl's Moving Castle mwaka 1986. Hayao Miyazaki akakifanyia filamu ya katuni mwaka 2004. Sophie anashona kofia dukani, binti mpole asiyejua kumjibu mtu. Mchawi mmoja wa kike anamgeuza bikizee. Badala ya kulia, Sophie anagundua kwamba uzee una faida: bikizee anaweza kusema lolote na hakuna wa kumnyamazisha. Anaingia kwenye nyumba inayotembea ya mchawi kijana Howl, anajipa kazi ya kufagia, anapanga upya chupa za bafuni. Howl anaoga, anatoka nywele zimebadilika rangi, anasema maisha yake yamekwisha, anakaa kwenye kiti na kuanza kutiririka ute wa kijani mpaka unafika chini ya mlango. Sophie anamkokota kama gunia kwenda kumwosha. Ndiyo, hili ni tukio la mapenzi. Mtu aliyekuona katika hali hiyo na bado yupo asubuhi, wa kumtafuta mwingine ni wa nini? Na chini ya vichekesho mahari ipo palepale: Howl hana moyo, kwa maana halisi. Aliuweka rehani kwa jini la moto linalokaa jikoni kwake.

Wimbi la miaka hii ni jingine. Sarah J. Maas alitoa A Court of Thorns and Roses mwaka 2015, Rebecca Yarros Fourth Wing mwaka 2023, na vijana wanavisoma usiku mpaka simu inaisha chaji. Humo penzi si tawi tena, ni shina. Wahakiki wengi wanavidharau, mara nyingi kabla ya kuvisoma. Mimi nimevipitisha kwenye kipimo kilekile. Katika kitabu cha Yarros, Violet, msichana ambaye viungo vyake vinateguka upesi, anapelekwa chuo cha kijeshi cha wapanda majoka. Mwandishi mwenyewe ana maradhi ya Ehlers-Danlos, ndiyo maana maumivu yale ameyaandika kwa uhakika. Xaden, atakayempenda, ni mtoto wa mwasi aliyeuawa. Mama yake Violet ni jenerali katika jeshi lililouzima uasi ule. Majoka yao ni mume na mke, hayawezi kukaa mbalimbali kwa siku nyingi, na kifo cha mmoja kinaweza kuwavuta wengine. Kwa hiyo wanaochukiana wanalazimika kuwa karibu. Hiyo ni kazi safi, haihamishiki. Kinachonichosha ni kwamba baada ya hapo mwandishi hutuambia mara nyingi mno jinsi Xaden alivyo mzuri. Tulisikia.

Maas alifanya jambo la kijasiri zaidi ya anavyosifiwa. Katika kitabu cha kwanza Feyre anakufa ili kumwokoa mpenzi wake Tamlin, anafufuliwa akiwa kiumbe asiyezeeka, na msomaji anafunga kitabu akiwa ameridhika. Katika cha pili, 2016, penzi hilohilo linaoza mbele yetu. Feyre ana jinamizi kila usiku, na Tamlin, kwa kisingizio cha kumlinda, anamfungia ndani. Waliompenda Tamlin ilibidi wajiulize walipenda nini. Kwa upande mwingine, Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, katika Children of Blood and Bone ya 2018 alikuwa na mahari nzuri mkononi: mwana wa mfalme aliyeua wenye uchawi, naye mwenyewe anaficha uchawi wake, anampenda binti wa waliouawa. Lakini chuki inageuka penzi upesi mno. Deni la damu kubwa kiasi kile halilipwi kwa mazungumzo machache.

Jambo la nyumbani kidogo. Vitabu vya Maas na Yarros vina matukio ya chumbani yaliyoandikwa waziwazi, ya watu wazima. Wazazi huona joka kwenye jalada, kwa muuza vitabu vya mitumba, wakadhani ni cha mtoto wa darasa la sita. Soma mwenyewe kwanza, na usijifanye umekerwa.

Natamani pia waandishi wetu wasikie. Jini mahaba tunaye, na bado tunamwachia waganga peke yao. Mwandikeni, mpeni upande wake wa kisa: kwa nini alimpenda yule binti, amekatazwa nini kwao, atalipa nini.

Na wewe ambaye hujasoma hata kimoja, anza na cha Diana Wynne Jones; ni kifupi na utacheka. Cha Tolkien usikifunge mpaka umesoma kiambatisho kinachohusu Aragorn na Arwen. Tehanu usikiguse kabla ya The Tombs of Atuan, maana miaka ile ya kungoja ni sehemu ya kitabu. Cha Yarros kiweke rafu ya juu.